Jina Lililoandikwa Simuzi

Vumbi la Goma ni jeusi, na halina adabu. Halipigi hodi. Linapita kwenye tundu la kufuli, linapita kwenye ufa wa mbao, linaketi mezani kabla ya mgeni. Mlima ulilitapika likiwa moto. Sasa limepoa, limesagika, limekuwa la kila mtu, na kila mtu analilaani.

Uwizeye alikuwa amepigana nalo miaka arobaini na mitatu. Asubuhi anafuta, mchana anafuta, jioni anafuta. Alikuwa fundi wa kushona katika mtaa wa Majengo, na mwenye kitenge kipya hasamehe doa, hata awe Mkristo wa kukomunika kila Jumapili. Kitambaa chake cha kufutia kilining'inia kwenye msumari kando ya dirisha, juu ya kitanda cha mama yake, na hakuna aliyeruhusiwa kukigusa.

Lakini majuma hayo matatu alikuwa akirudi nyumbani na vumbi jingine. Vumbi la kahawia. Vumbi la makaratasi. Lilimkaa kwenye kucha, likamkaa kooni, likamfuata hadi kwenye sala. Alinawa kwa sabuni ya kufulia, na bado halikutoka lote.

Alikuwa akimtafuta babu yake ndani ya maboksi ya mahakama.

*

Mama yake aliitwa Nyiransengimana, na moyo wake ulikuwa unachoka. Daktari alisema hivyo hivyo, bila kuzunguka: moyo umechoka, mpeni anachopenda. Na mama huyo hakupenda kitu. Uji alirudisha. Chai ya maziwa alirudisha. Padre alipokuja na komunyo, aligeukia ukutani. Padre akaja mara ya pili, akageukia ukutani mara ya pili. Mwanamke aliyeimba kwaya miaka thelathini! Uwizeye aliona aibu, na aibu ikageuka hofu. Mtu kama yule hakatai mkate wa Mungu kwa kiburi. Anaukataa akiona mikono yake haifai kuupokea.

Kulikuwa na kitu kimemkaa mama rohoni. Uwizeye alijua kinamhusu nani. Hakujua ni nini. Kilimhusu baba yake mama, mzee Ntirenganya wa Rutshuru, aliyekamatwa mwaka wa 1958, zama za Wabelgiji, asionekane tena. Basi. Hapo hadithi ilikatika kama uzi mbovu. Alifanya nini? Kimya. Alihukumiwa nini? Kimya. Alilala wapi, ardhi gani ilimfunika? Hapo mama alikuwa akiinuka kwenda kutazama moto jikoni, hata siku ambazo moto haukuwashwa.

Ntirenganya. Kwa Kinyarwanda maana yake ni kwamba Mungu hadhulumu. Jina zuri, jina la kumpa mtoto aliyezaliwa baada ya msiba. Uwizeye alilibeba jina hilo kama sindano mdomoni, kwa uangalifu, asije akalimeza.

"Umetoka wapi?" mama alimuuliza siku ya kwanza, alipoona zile kucha.

"Kwa tribinali, mama. Niko natafuta dosiye ya muzee, makaratasi yake ya kesi."

Nje muuza makaa alipita na chukudu, kile kigari chake cha kusukuma, magurudumu ya mbao yakigonga mawe.

"Acha ile dosiye, mutoto yangu. Ukiifungua, utanijua. Na ukinijua, hautanipenda tena."

Angekaa, basi, kama mtoto mwema. Angefunika kombe mwanaharamu apite. Lakini Uwizeye alikuwa ameziba nguo za watu tangu ujana wake, na jambo moja alilijua: shimo huwezi kuliziba kabla hujalitazama. Akafuta dirisha, akafunga kitambaa kichwani, akarudi mahakamani.

*

Nyuma ya mahakama palikuwa na ghala, na ndani ya ghala palikuwa na Bahizire.

Bahizire alikuwa mtunza majalada, mtu wa upande wa Bukavu, aliyekuja Goma kijana na kuzeekea humo kati ya rafu. Alipenda muhuri kuliko chakula. Kila kitu kwake kilikuwa na kanuni: kanuni ya kufungua boksi, kanuni ya kulifunga, kanuni ya mahali pa kuweka miwani. Barua ya maombi ya Uwizeye aliirudisha mara mbili, mara ya kwanza kwa sababu haikuwa na tarehe, mara ya pili kwa sababu tarehe ilikaa kushoto. Lakini alipokubali, alikubali kweli, na alivuta maboksi pamoja naye bila kulalamika mgongo.

"Jina ya famille, ya ukoo?" aliuliza.

"Hatuna."

"Mama, kila mutu iko na famille."

"Famille iko, Papa Bahizire. Jina yake njo haiko."

Maana ndivyo ilivyo kwa watu wa Uwizeye. Baba ana jina lake, mtoto ana lake, mjukuu ana lake, na kila jina ni sentensi nzima iliyosemwa siku ile ya kuzaliwa: asante, au pole, au tutaona. Uzi haupiti kutoka jina hadi jina. Ukipoteza jina la mtu mmoja, umempoteza mwenyewe.

Kwa hiyo walitafuta herufi N. Majuma matatu, herufi N. Walimpata Ntirenganya mmoja aliyeiba mbuzi, mwaka 1949. Alikuwa wa Masisi, na mzee kupita kiasi. Wakampata Ntirenganya mwingine, kijana, aliyegombana kanisani. Kila mara moyo wa Uwizeye uliruka, na kila mara ulirudi chini ukiwa mzito zaidi. Ilikuwa ajabu kumtamani mwizi wa mbuzi awe babu yako.

Kisha Jumatano, Bahizire akavua miwani, akaiweka mahali pake pa kanuni.

"Mama, hii paa inavuya. Banakuya kubeba dosiye za zamani zote. Kamio inafika Vendredi, midi."

"Wanapeleka wapi?"

"Mbali," alisema Bahizire. Na katika nchi hii, karatasi ikipelekwa mbali, hakuna anayeuliza tena.

Lori, Ijumaa, saa sita mchana.

*

Ijumaa, saa sita. Uwizeye aliisema moyoni akipiga pasi. Ijumaa, saa sita. Aliisema akimvua mama blauzi iliyolowa jasho. Moyo wa mama ulikuwa unachoka na lori lilikuwa linakuja, na hakujua kipi kingetangulia.

Alhamisi, jua likiwa juu, homa ikapanda. Mama alifungua macho, akamtazama Uwizeye usoni, moja kwa moja, kama mtu anayeulizwa swali.

"Mama, ni mimi."

"Simuzi," alisema mama.

Kwa Kinyarwanda neno hilo ni dogo, na lina makali. Simujui. Simjui huyu. Uwizeye alikuwa ameshika kitambaa cha maji, kikamdondoka.

"Mama, ni mimi, Uwizeye wako."

"Simuzi."

Akalisema mara ya tatu, kwa sauti nyembamba, sauti ya mtoto, akaanza kulia bila machozi. Clotilde, jirani aliyekuja na supu, alisema ni homa tu, homa haina akili. Uwizeye aliitikia. Kisha alitoka uani, akainamia beseni, akafua nguo ambazo tayari zilikuwa safi. Kuuguza miaka miwili, kulisha, kugeuza, kuosha, na mwisho wa yote mama yako anakutazama na kusema hakujui. Aliumia. Aliumia kama mtoto, na alimkasirikia mama yake, na kwa kumkasirikia akajichukia.

Vumbi likatua juu ya nguo zilizofuliwa. Hakulifukuza.

*

Ijumaa alifika kabla ya Bahizire. Alisimama mlangoni na kivuli chake.

"Saa ngapi sasa?"

"Saa mbili, mama. Tuko na saa ine."

Herufi N ilikwisha. Ndipo Bahizire, kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi, akatoa wazo lisilo kwenye kanuni: kama jina halipo mahali pake, basi wasome rejista nzima ya 1958, A mpaka Z, yeye asome kwa sauti na Uwizeye asikilize. Huenda karani wa zamani aliandika vibaya. Wakati huo walikuwa wanaandika wanavyosikia.

Akasoma. Alisoma kama anayesoma majina ya marehemu kwenye misa, bila kupanda, bila kushuka. Saa tatu wakawa kwenye G. Saa nne wakawa kwenye M. Uwizeye alikaa juu ya boksi, mikono mapajani, akishona hewa kwa vidole. Kila jina lilimpita kama gari lisilosimama. Nje, saa tano kasoro, honi ya lori ikalia. Lilikuwa limewahi. Gari lisilowahi kuwahi popote, siku hiyo liliwahi.

"Endelea, Papa. Endelea."

Wapagazi waliingia, wakaanza na rafu za mlangoni. Maboksi yalitoka mikononi mwao mawili mawili. Bahizire aliinua sauti juu ya vishindo.

"Sebagenzi. Serubungo. Sibomana. Simuzi. Sinayobye..."

"Rudia."

"Sinayobye."

"Ya mbele yake."

"Simuzi," alisema Bahizire. "Simuzi, mwanaume, bila jina ya ubatizo. Rutshuru."

Uwizeye aliinuka kwenye boksi. Kinywani mwa Bahizire, mtu asiyejua Kinyarwanda, lilikuwa jina kama majina mengine, limevaa kofia yake, limekaa kwenye mstari wake kati ya Sibomana na Sinayobye. Lakini yeye alikuwa amelisikia jana kutoka kitandani, mara tatu, kwa sauti ya mtoto.

"Papa Bahizire. Ile haiko jina."

"Iko hapa, mama. Namba iko mbele yake."

"Haiko jina. Ni jibu."

*

Boksi lilikuwa tayari juu ya lori. Bahizire, na mgongo wake, na suruali yake iliyopigwa pasi, alipanda. Wapagazi walipiga kelele; akawaonyesha muhuri kama padre anavyoonyesha msalaba. Alishuka na boksi kifuani, uso umepakwa vumbi la rangi mbili. Wakalifungua pale pale, juu ya jiwe jeusi la uani.

Karatasi ya kwanza ilikuwa ya Kifaransa, wino umepauka kama chai ya maskini. Bahizire alisoma, akageuza kwa Kiswahili polepole, na Uwizeye alifuata kwa kidole bila kuigusa.

Februari 1958. Anatafutwa Ntirenganya, aliyemvunja mkono kapita, msimamizi wa shamba la kahawa. Adhabu inayomngoja ni miaka kumi. Wamekamatwa barabarani wanaume sita wasio na kibali cha kusafiri. Hakuna mtu mzima wa kilima kile anayekubali kutambua yeyote. Ameletwa mtoto wa kike, umri kama miaka saba, anayesemekana ni binti wa mtu anayetafutwa. Mtoto anaitwa Nyiransengimana.

Uwizeye akaketi chini.

Mtoto ameonyeshwa mtu wa nne. Ameulizwa: Huyu ni nani? Mtoto amejibu: Simuzi. Kwa hiyo mtu wa nne anaitwa Simuzi, wala si Ntirenganya. Ameulizwa kama ndilo jina lake. Amekubali. Kwa kukosa kibali: miezi miwili gerezani.

Chini yake, alama ya kidole gumba. Nyeusi, pana, mistari yake wazi kama ya shamba lililolimwa juzi. Babu.

Kwa hiyo ndilo hili, mama. Ndilo lililokufanya uende kutazama moto usiowashwa. Ulisimamishwa mbele ya baba yako na miaka saba yako, ukaulizwa huyu ni nani, na ukasema simjui. Nyanya yako alikufundisha, au mama yako, nani ajuaye. Lakini ulimi ulikuwa wako. Kisha wakamchukua, na hukumwona tena. Jana hukunikana mimi. Jana ulikuwa bado umesimama pale.

Uwizeye alilia waziwazi, mbele ya wapagazi. Alilia kwa uchungu na, Mungu amsamehe, kwa nafuu.

Na wewe karani wa 1958, uliyetoka mbali usijue lugha ya watu uliowaandika, uliyesikia jibu ukaandika jina: lala pema. Kosa lako moja lilimpunguzia mtu miaka kumi ikawa miezi miwili.

Lakini miezi miwili huisha. Mbona hakurudi? Hapo nafuu ikakatika. Karatasi hii haikumwosha mama. Ilisema tu kwamba alimkana. Kama babu alifia gerezani mwezi wa kwanza, basi neno lile ndilo lililokuwa la mwisho kati ya baba na mtoto, na ni heri karatasi ipande lori iende mbali. Uwizeye aliinua mkono kufunga jalada.

"Ngoja," alisema Bahizire. "Iko karatasi ingine, nyuma."

*

Karatasi ya pili ilikuwa ya Goma, Novemba 1961. Wabelgiji walikuwa wamekwisha kwenda. Ombi jipya la Simuzi lilifuata jina la Simuzi, ndiyo kanuni, likalala ndani ya jalada lake la zamani.

Mwombaji: Simuzi, mchukuzi wa magunia kwenye boti, bandari ya Kituku. Anaomba kurudishiwa jina lake, Ntirenganya. Ameulizwa sababu. Na hapo karani wa pili, ambaye Uwizeye angependa kumbusu mikono, aliandika kila kitu kama kilivyosemwa.

"Nilipotoka gerezani nilikuta nyumba tupu. Mke wangu na mtoto wamehama, na majirani hawajui wameelekea wapi. Nikitaja jina langu, watu wanasema huyo alikufa. Nikitaja Simuzi, hakuna anayenijua. Jina hili nilipewa na mtoto wangu. Hakukosea. Alisema alivyofundishwa, na akaniokoa, na nilitaka kumcheka na kumbeba, lakini mikono ilikuwa imefungwa. Nataka jina langu, ili siku moja akilisikia likiitwa, aje."

Bahizire aliacha kusoma. Alivua miwani na hakuiweka mahali pake.

Bibi alikuwa amekimbilia Masisi juma lile lile, na kule aliwaambia watu ni mjane. Hilo Uwizeye alilijua tangu utoto. Ndilo jambo pekee alilowahi kuambiwa juu ya bibi. Mume alikuwa Kituku, akibeba magunia, akitega sikio kila mama apitapo na msichana. Siku moja ya mwendo, labda mbili. Basi, walipotezana hivyo, watu walio hai.

Mahakama imeamua: mwombaji alete shahidi anayemfahamu. Kidole cha mwombaji, kile kile kipana. Jina la shahidi, na mstari mtupu. Kidole cha shahidi, na kisanduku kitupu. Hakuna kingine. Hakuna tarehe ya kufunga, hakuna msalaba wa kifo. Kisanduku kile kilikaa wazi, cheupe, miaka zaidi ya sitini, ndani ya boksi, chini ya paa linalovuja.

Kiongozi wa wapagazi akaja. "Saa sita, Papa. Leta ile boksi."

"Boksi, beba," alisema Bahizire. "Hii dosiye, hapana."

"Banasema zote."

"Banasema zote zenye zilifungwa. Kanuni. Hii haiyafungwa. Inangojea shahidi." Kisha akamgeukia Uwizeye. "Shahidi iko?"

"Iko. Lakini anapumua kwa shida."

Bahizire alikwenda akatoa kopi, akaipiga muhuri, akaupiga tena kwa sababu wa kwanza ulikaa upande. "Atie kidole hapa. Unirudishie Lundi, Jumatatu asubui. Nitaiweka mwenyewe."

Kama kidole hicho kina nguvu ya sheria au hakina, waulizwe wenye majoho. Uwizeye hakungoja kuuliza. Alikimbia.

*

Pikipiki ilimpeleka huku ameishika karatasi kifuani kwa mikono miwili, hata dereva akamwambia, mama, shika mimi, utaanguka. Hakumshika. Vumbi jeusi liliinuka mbele yao, likaingia machoni na mdomoni, akalimeza. Alikuwa anahesabu pumzi za mtu asiyekuwa karibu naye. Ningoje, mama. Umengoja miaka yote hiyo, ningoje hadi Majengo. Bwana Yesu, mngojeshe.

Clotilde alikuwa mlangoni. Uwizeye alimtazama uso kabla hajafungua kinywa.

"Homa imeshuka," alisema Clotilde. "Lakini hataki kula. Anauliza kama umerudi."

Mama alikuwa macho, amegeukia ukutani. Hakuhitaji kuona karatasi, alisikia ikikunjuliwa.

"Umeisha kujua," alisema.

"Nimejua, mama."

"Petro, jogoo iliwika, akalia, ikaisha." Sauti ilikuwa ndogo, na haikuomba chochote. "Mimi, hakuna jogoo iliwika. Aliniangalia, mutoto yangu. Aliniangalia, na mimi nikasema ile neno. Mama aliniambia niseme, nikasema. Kisha wakamupeleka. Nilimuua baba yangu na mudomo."

"Mama, geuka."

"Wacha."

"Geuka, mama. Yeye mwenyewe anasema. Geuka umusikilize."

Ilichukua muda. Mwili ule ulikuwa umezoea ukuta. Uwizeye aliingiza mkono chini ya mabega, akamgeuza polepole, akamwegemeza kifuani mwake, kisha akasoma kwa Kiswahili kama Bahizire alivyomgeuzia. Alisoma hadi "hakukosea", akasimama, kwa sababu mkono wa mama ulikuwa umemshika kifundo cha mkono kwa nguvu ambayo hakujua bado ipo.

"Rudia."

"Hakukosea. Alisema alivyofundishwa, na akaniokoa, na nilitaka kumcheka na kumbeba..."

"Rudia tena."

Akarudia. Akarudia mara ya tatu, na safari hii mama alilia kwa machozi, machozi ya kweli, mengi, yakapita kwenye mikunjo ya uso na kulowesha mkono wa fundi. Miaka zaidi ya sitini alikuwa ameogopa macho ya baba yake, na kumbe macho yale yalikuwa yakicheka.

"Kidole yake iko wapi?"

Uwizeye akauchukua mkono wa mama, akauweka juu ya alama. Mama aliipapasa mistari kama kipofu anavyopapasa uso. Kisha kidole kikateleza, kikafika kwenye kisanduku kitupu.

"Na hapa?"

"Hapa ni pa shahidi, mama. Walimwambia alete mutu mwenye anamujua. Hakupata mutu. Bado wanangojea."

Nyumba nzima haikuwa na wino. Uwizeye aligeuza droo ya cherehani: chaki, vifungo, uzi. Akasema atakimbia dukani, akasema dakika tano tu, na alipogeuka, mama alikuwa amekwisha kuinua mkono. Alipeleka kidole gumba mdomoni, akakilowesha kwa ulimi ule ule. Akakinyoosha hadi kwenye kizingiti cha dirisha, pale ambapo tangu asubuhi hakuna aliyefuta, na akakigandamiza kwenye vumbi la Goma.

Kikatoka cheusi.

Hakuongea na Uwizeye. Aliongea na ule ukuta, kana kwamba walikuwa wamekaa pale wote, mzungu na karani na wanaume sita waliosimamishwa mstari, na aliongea kwa sauti ya kwaya.

"Ndamuzi," alisema. Namjua huyu. "Yitwa Ntirenganya. Ni data." Anaitwa Ntirenganya. Ni baba yangu.

Akatia kidole.

Baadaye aliomba chai ya maziwa, na akaomba Clotilde aende kumwita padre. Upepo ulikuwa umeanza, mlango ukagonga, na vumbi likaingia bila hodi, likatua mezani, likatua kitandani. Uwizeye alinyoosha mkono kwenye msumari kuchukua kitambaa. Akatazama kizingiti. Katikati ya weusi ule palikuwa na alama ya kidole, ndogo, safi, mistari yake wazi.

Akakirudisha kitambaa msumarini, akaenda kuchemsha chai.